Macho Hayana Pazia

Wahenga wamesema kwamba macho hayana pazia. Aghlabu methali hii hutumiwa kumtetea mtazamaji: jicho likiwa wazi haliombi ruhusa kwa kile kipitacho mbele yake, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kuona. Lakini wahenga hao hawakuwa na kamera. Kamera, kinyume cha jicho, pazia inalo. Ndani yake mna bati au kitambaa chembamba kikaacho kimefungwa mpaka kidole kiamue, kikafunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha kikafunga tena. Hata simu ya mkononi, ambayo haina haja ya bati hilo, imeubakiza mlio wake, kana kwamba inakiri kuwa kuna jambo limetendwa. Kwa hivyo utetezi wa jicho hauwezi kuwa utetezi wa kamera. Jicho huona kwa kuwa lipo; kamera huona kwa kuwa mtu ametaka. Na pale mtu anapotaka, ndipo maswali ya maadili yanapoanzia.

Swali linalokusudiwa hapa ni moja tu: mtu aliyesimama pakavu, akapiga picha ya mwenzake aliye katika hatari majini, anadaiwa nini? Swali hili lina nyuso mbili, uso wa mchezo na uso wa kazi. Taabu yake ni kwamba nyuso hizo mbili zikishaingia ndani ya picha hufanana mno, hata mtazamaji wa mbali asiweze kutofautisha huu na ule. Basi na lianzie mbali, kwenye mchezo, ndipo lirejee kwenye Ziwa Nyasa, katika ufuko wa Mkoa wa Ruvuma, ambako ndiko uzito wake uliko.

Katika pwani ya Ureno upo mji uitwao Nazaré. Mbele ya mji huo, chini ya bahari, kuna korongo kubwa lililokatwa kutoka kwenye vina vya Atlantiki hadi karibu kabisa na nchi kavu. Korongo hilo huyakusanya mawimbi ya dhoruba za kipupwe na kuyainua mbele ya ufuko wa kaskazini mpaka yakawa na kimo cha majengo ya ghorofa. Kwa vizazi vingi Nazaré ulikuwa mji wa wavuvi, na mawimbi hayo hayakuwa na jina jingine ila msiba. Mwaka 2011 Mmarekani Garrett McNamara aliteleza juu ya wimbi moja la hapo akiwa amesimama juu ya ubao, na sifa za mji zikageuka. Tarehe 29 Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza juu ya wimbi la mita 26.21, likaandikwa kuwa rekodi ya dunia. Mashindano nayo hufanyika hapo, na maelfu ya watu hujaa juu ya jabali, penye ngome ya kale na mnara wa taa, kutazama vile ambavyo bibi za wavuvi wa zamani hawakutaka kuvitazama.

Kuna jambo moja katika mchezo huo ambalo watu wengi hawalifikirii. Hakuna kamba iwezayo kutandazwa juu ya wimbi likiwa linakwenda. Urefu wa wimbi hupimwa kutoka kwenye picha, kwa kulinganisha na kimo cha mtelezaji mwenyewe au urefu wa muundi wake. Bila ya picha, wimbi la Steudtner lingekuwa kubwa kwa mujibu wa masimulizi tu, na kila mvuvi ajua masimulizi ya mawimbi yalivyo. Kwa hiyo mpiga picha aliyesimama juu ya jabali la Nazaré si mdokozi wa hatari ya mtu. Yeye ni shahidi aliyealikwa. Mtelezaji amekuja ili aonekane. Hatari ameichagua, siku ameichagua, na picha ni sehemu ya ujira wake.

Zaidi ya hayo, hatari hiyo imezungushiwa walinzi. Wapo waendeshao pikipiki za majini, ambao kazi yao ni kumfuata mtelezaji ndani ya povu na kumnyakua kabla wimbi la pili halijamfikia. Wapo madaktari ufukoni na watazamaji mawimbi wenye redio. Mtelezaji mwenyewe huvaa fulana ijazwayo hewa kwa kuvuta uzi. Pamoja na hayo yote bahari haikubali kufugwa: tarehe 5 Januari 2023 Mbrazili Márcio Freire, mtelezaji mzoefu, alifariki hapo hapo Nazaré akiwa katika mazoezi. Lakini hata siku kama hiyo, mpiga picha amesimama mahali ambapo kila kazi ina mwenyewe. Kuokoa kuna wenyewe, kutibu kuna wenyewe, na yeye kazi yake ni kuona.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kwenda Ureno ili kuielewa tamaa ya kutazama hatari. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao husemwa kuwa uliachwa na Wareno hao hao, huwakusanya watu wa mashamba mazima kumtazama kijana mmoja akicheza na pembe. Ila Pemba kuna haki fulani ambayo juu ya jabali la Nazaré haipo. Ng'ombe akikata kamba, hachagui baina ya mchezaji na mtazamaji. Aliyekuja kutazama hukimbia pamoja na wenziwe, hupanda mti kama wenziwe, na akianguka huchekwa kama wenziwe. Macho yake yamelipiwa kwa miguu yake. Hatari anayoitazama inajua njia ya kumfikia.

Sasa na igeuzwe shingo kuelekea bara. Kutoka Mbinga, mji wa milima ya Umatengo, nchi ya kahawa na ya mashamba ya ngoro yaliyochimbwa mashimo mashimo kwenye miteremko ili mvua isiubebe udongo, barabara yateremka kuelekea magharibi hadi Mbamba Bay, umbali wa kilomita zipatazo 66. Huko chini ndiko liliko ziwa. Ufuko wa Ruvuma unaanzia Lituhi upande wa kaskazini, ukapita Liuli na Mbamba Bay, ukaishia kusini kwenye mpaka wa Msumbiji. Zamani wote ulikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 una wilaya yake, Wilaya ya Nyasa. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zinazokaribia 580, upana usiotimia kilomita 80, na kina cha mita zipatazo 700. Kwa umbo hilo, ziwa ni kama ujia mrefu baina ya milima, na upepo ukiingia kwa upande wa kusini hukuta njia iliyonyooka isiyo na kizuizi. Kila kilomita unayopita huyasukuma maji mbele yake na kuyarundika.

Upepo huo upande wa Malawi huitwa mwera. Huvuma katikati ya mwaka, miezi ile ile ambayo watu wa pwani wanaijua kwa jina la kusi, na kwa asili ni upepo wa ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba wimbi la bahari lina masafa marefu na aghlabu lina mwendo unaoaminika, lakini wimbi la ziwa ni fupi, la ghafla, lenye mgongo mkali, na chombo hakipati nafasi ya kupumua baina ya moja na la pili. David Livingstone, aliyesafiri katika ziwa hilo mwaka 1861, aliliita Ziwa la Dhoruba. Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya, ikiwa bado mpya kama jina lake, ilizama katika dhoruba upande wa Malawi wa leo, na watu 145 wakapotea. Ikiwa hivyo ndivyo ziwa lilivyoitenda meli ya chuma, seuze mtumbwi wa gogo.

Na mitumbwi ya magogo ndiyo iliyojaa ufukoni: myembamba, mizito, iliyochongwa kwa shoka na tezo, pamoja na mashua za mbao. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa kuwavuta usipa, samaki wadogo wa fedha ambao hukusanyika chini ya mwanga. Mtu aliyesimama ufukoni huona msururu wa taa juu ya maji, kana kwamba mji mwingine umejengwa huko ziwani. Alfajiri taa huzimwa, na mji huo hurudi nyumbani. Wanawake huwa wanangoja na madishi na ndoo, kwa kuwa usipa hautaki kuchelewa. Lazima uanikwe jua lingali kali ili upelekwe sokoni Mbinga na Songea. Lakini iwapo upepo umeamka kabla ya wavuvi kufika, basi alfajiri hiyo huwa na mistari mieupe ya povu, na mitumbwi huonekana na kupotea, huonekana na kupotea.

Hapo ndipo aingiapo mpiga picha mgeni. Na achukuliwe mgeni mwema, wala asichukuliwe mbaya, maana hoja isiyoweza kusimama mbele ya mtu mwema haina faida. Ametoka Ulaya, au Dar es Salaam, au Unguja. Ugeni si rangi ya ngozi. Ana lenzi ndefu na jicho lililofundishwa. Mbele yake wimbi limeinuka, jua la asubuhi limepita ndani yake likaufanya mgongo wake kuwa wa kijani, na juu ya mgongo huo kuna mtu mmoja, mweusi kama herufi, amenyanyua kasia. Kidole kinaamua. Picha ni nzuri. Kwa kweli ni ile ile picha ya Nazaré: ukuta wa maji na nukta ya mtu. Ikitundikwa ukutani mwa hoteli, mgeni mwingine atasimama mbele yake na kusema, tazama ushujaa.

Yaliyofanana katika picha, hata hivyo, nje ya picha hayafanani. La kwanza, mvuvi hakuja ili aonekane. Hakuna anayelipima wimbi lake, wala haliandikwi popote; likimshinda, ataandikwa yeye. La pili, siku ile hakuichagua. Ni kosa kubwa kudhani kwamba mvuvi wa Nyasa ni mtu apendaye mawimbi. Ustadi wake mkubwa kuliko wote haupigiki picha. Ni ile jioni anayosimama mlangoni, akatazama mawingu juu ya maji, akasikiliza, kisha akalirudisha kasia ndani ya nyumba. Katika ustadi huo hakuna povu wala mwanga wa kijani. Kuna mtu amekaa kwenye kigoda anashona wavu. Ndiyo maana picha ya mvuvi juu ya wimbi, hata ikiwa ya kweli, inaweza kusema uongo. Imemkamata siku alipokosea hesabu, au siku ambayo deni la nyavu na sare za shule vilimzidi nguvu hata akatoka ilhali moyo umemkataza, na imeionyesha siku hiyo kuwa ndiyo desturi yake. Mateso yamefanywa tabia, na dharura imefanywa utamaduni.

Mgeni si mwongo kwa kukusudia. Huona kile alichokuja nacho. Wajerumani walipofika Liuli waliona jabali kubwa juu ya maji, wakakumbuka sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Jabali halikuwa na habari na Misri. Watu wa Liuli walikuwa na jina lao na habari zao. Lakini kwenye ramani za wakati huo jina lililoandikwa ni la kumbukumbu ya mgeni. Hali kadhalika mpiga picha aliyekwisha kuona picha nyingi za mashujaa wa mawimbi atamwona shujaa wa mawimbi. Na aliyekwisha kuona picha nyingi za maskini wa Afrika atamwona maskini wa Afrika. Mvuvi mwenyewe, ambaye si huyu wala yule, bali ni fundi aliyechelewa kurudi kazini, atabaki bila ya kuonwa na mtu.

La tatu ndilo zito kuliko yote mawili. Ufukoni mwa Nyasa hakuna pikipiki za majini zinazosubiri, hakuna daktari aliyekaa kwenye mchanga, na fulana ijazwayo hewa haipo. Wavuvi wengi hutoka bila ya hata jaketi la kujiokolea. Nazaré mpiga picha ni mtu mmoja ndani ya mtambo mkubwa ambao sehemu zake nyingine zimejengwa kwa ajili ya kuokoa. Kwenye mchanga wa Mbamba Bay mtambo huo haupo, au kwa usahihi zaidi, mtambo huo ni watu waliopo pale wakati ule: wanawake wenye ndoo, vijana, wazee wanaoshona nyavu, na yeye mwenye kamera. Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo picha haiwezi kuionyesha. Palipo na waokoaji waliowekwa, mpiga picha anaweza kuwa mpiga picha tu. Pasipo na waokoaji, kila aliyesimama ufukoni ni mwokoaji, na kamera mkononi haimtoi mtu katika hesabu hiyo, kama vile ndoo haimtoi mwanamke na sindano ya wavu haimtoi mzee.

Yuko atakayepinga, na upinzani wake ni wa haki. Atasema: picha nayo huokoa. Oktoba 1984 mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliipiga njaa ya Korem, Ethiopia, na dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Misaada ikamiminika, na Julai 1985 ikafanyika tamasha la muziki la Live Aid, London na Philadelphia, kwa ajili ya wenye njaa. Laiti Amin angeiweka kamera chini na kugawa uji, angewalisha watu wangapi? Kwa kuishika kamera aliwalisha wengi asiowajua. Hoja hii ina nguvu, na mtu mwenye akili haiachi ipite bila ya kuiinamia.

Lakini maisha ya Amin huyo huyo yalimalizikia kwenye jambo linalolikamilisha funzo. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa abiria katika ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini mbele ya ufuko wa Galawa, Ngazidja. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki, naye Amin akiwa miongoni mwao. Ufukoni walikuwapo watalii, na mmoja wao alikuwa na kamera ya video. Bawa likagusa maji, ndege ikavunjika, na yote yakaingia ndani ya kamera. Huyo hana lawama. Jambo lilikuwa la sekunde chache, na hakuna mkono ambao ungeweza kuizuia ndege. Lakini baada ya sekunde hizo kulikuwa na dakika, na katika dakika hizo watu wa ufuko ule, wageni na wenyeji, waliingia majini kwa mashua kuwatoa waliokuwa hai. Wale 50 waliobaki wanadaiwa na dakika hizo zaidi kuliko zile sekunde. Kwa hiyo hoja si kwamba picha isipigwe. Hoja ni kwamba picha ina wakati wake, na wakati huo ni mfupi. Ukishapita, aliyesimama ufukoni ni mtu wa ufukoni.

Hali hiyo ilionekana tena nchini Tanzania tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Viktoria, karibu sana na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo. 19 walifariki na 24 wakaokoka. Picha za simu zilienea nchi nzima kabla ya jua kutua. Waliofika mwanzo, walakini, walikuwa wavuvi, na miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson, ambaye kwa masimulizi yake mwenyewe aliuvunja mlango wa nyuma kwa kasia. Kasia ni chombo cha kazi yake, kama kamera ilivyo chombo cha kazi ya mwingine. Hakuwa mwokoaji kwa cheo. Alikuwa mtu aliyekuwa karibu, akakitumia alichokuwa nacho mkononi kwa jambo ambalo hakikutengenezewa.

Hata mchezo wenyewe wa mawimbi, katika asili yake iliyo bora, unalijua jambo hili. Huko Hawaii yapo mashindano yafanyikayo katika ghuba ya Waimea kwa kumbukumbu ya Eddie Aikau, aliyekuwa mlinzi wa waogaji wa ghuba hiyo. Mwaka 1978 Aikau alikuwa katika jahazi la Hōkūleʻa, likapinduka usiku katika bahari kali. Akachukua ubao wake na kwenda kuwatafutia wenziwe msaada. Wenziwe waliokolewa, yeye hakuonekana tena. Mashindano yake hungoja mawimbi makubwa hasa, hata kufikia mwisho wa mwaka 2024 yalikuwa yamefanyika mara 11 tu katika miaka arubaini. Yalipofanyika tarehe 22 Januari 2023 mshindi alikuwa Luke Shepardson, mlinzi wa waogaji ambaye siku hiyo alikuwa zamuni. Aliomba ruhusa ya mapumziko, akaingia majini kushindana, akarudi kwenye zamu yake. Taji likaenda kwa mtu ambaye mawimbi kwake yalikuwa mchezo na amana kwa pamoja.

Kipo kishawishi kimoja ambacho lazima kitajwe, kwa kuwa ndicho kinachoweza kumgeuza mgeni mwema akawa mshirika wa maangamizi bila ya kujua. Mgeni amekuja kwa siku tatu, na kwa siku mbili ziwa limetulia kama kioo. Siku ya tatu upepo umeamka, na wavuvi wamekaa. Mgeni atoa noti. Hasemi, ingia ufe. Asema tu, nenda mbele kidogo, pale mwanga ulipo, kisha urudi. Noti hiyo ni kubwa kuliko mapato ya usiku mmoja wa usipa. Mtelezaji wa Nazaré akilipwa huongezewa juu ya matakwa yake. Mvuvi huyu analipwa kinyume cha elimu yake. Ile jioni ya kulirudisha kasia ndani, ambayo ndiyo hazina yake kubwa, imenunuliwa. Picha itakayopatikana hapo, hata iwe nzuri namna gani, mpiga picha ameiumba hatari yake ndipo akaitazama. Hapo hakuna tena swali la maadili la kujadiliwa. Jibu lake linajulikana na kila mtu mwenye mama.

Kiswahili chenyewe kina neno la kusema katika mjadala huu. Mtu hachukui picha kama achukuavyo embe mtini, picha hupigwa. Kitenzi hicho hicho ndicho kinachotumika kwa mambo mengine ya ufukoni. Mvuvi hupiga kasia, na anayemfuata chini ya maji hupiga mbizi. Aliyeona chombo kinazama hupiga yowe. Mgeni afikapo penye nyumba ya watu hupiga hodi. Lugha imeviweka vitendo hivi vyote ndani ya kiganja kimoja, na huenda haikufanya hivyo bure. Picha isiyotanguliwa na hodi ni kuingia nyumbani kwa mtu akiwa uchi wa hofu yake. Picha iliyo kama yowe, inayowaita watu waje, ndiyo picha ya Korem, nayo ina haki yake. Lakini ufukoni, mtu akiwa anazama mita hamsini kutoka mchangani, yowe la mdomo hufika haraka kuliko yowe la picha, na kasia hufika haraka kuliko yote mawili.

Basi mpiga picha anadaiwa nini? Hadaiwi kufumba macho, kwa kuwa macho hayana pazia, na kumtazama mtu katika kazi yake ngumu inaweza kuwa heshima. Wala hadaiwi kujitupa majini asipojua kuogelea, akaongeza maiti wa pili. Anachodaiwa ni kidogo, na kwa udogo wake hakina udhuru. Anadaiwa kulijua jina la upepo kabla ya kulipiga picha wimbi lake. Anadaiwa kujua ni kwa nini mtu huyu ametoka leo na jirani yake amebaki. Na zaidi ya yote anadaiwa kusubiri. Picha ya mtu aliye katika hatari haikamiliki kidole kinapoachia. Hukamilika mtu huyo anapokanyaga mchanga. Anayeondoka kabla ya hapo, akapanda gari lake kurudi Mbinga akiridhika kwamba ameipata, amechukua nusu ya jambo na kuwaachia wengine nusu iliyobaki, nayo ndiyo nusu nzito.

Wahenga waliosema kuhusu macho walisema pia kuhusu mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii si ya kumfukuza mtu. Ni ya kumfungulia mlango, kwa kuwa jembe hukabidhiwa mtu wa nyumbani. Katika ufuko wa Nyasa jembe hilo ni kamba ya mtumbwi. Asubuhi ya upepo, mtumbwi unapofika pale mawimbi yanapovunjikia, huhitaji mikono kuuvuta kabla wimbi la nyuma halijaujaza maji, na mikono haitoshi kamwe. Wanawake huweka ndoo chini. Wazee huinuka. Asiye na nguvu huhesabu vyombo vilivyofika na vilivyobaki. Mgeni aliyeuacha mkoba wa kamera juu ya mchanga, akaishika kamba ile pamoja na wengine, siku hiyo pengine hatapata picha. Lakini akiulizwa ni nani yule aliyekuwa juu ya wimbi, atalijua jina lake.